Moshi wa udi na mgeni aliye tumboni

MASKATI – Nyumba ya Waswahili hapa Maskati huitambui kwa kibao cha mlangoni. Huitambua kwa pua. Iwe ni Seeb, Al Khuwair au Ruwi, ikifika Alhamisi jioni au Ijumaa kabla ya sala, chetezo hutiwa makaa, juu yake kikawekwa kipande cha udi au fungu la bukhuri, na moshi ukazungushwa chumba kwa chumba, kabatini, chini ya mapazia na ndani ya nguo zinazosubiri kuvaliwa. Mgeni naye hupitishiwa chetezo kabla ya kuaga, na asiyejua mila za huku ajifunze mapema: udi ukishapita, ni wakati wa kutafuta viatu.

Hatuna ugomvi na udi. Wengi wetu tuliokulia Unguja, Pemba na Mombasa tulifukiziwa nguo zetu za kwanza kwa ubani tukiwa hata macho hatujafumbua vyema, na wale waliorudi Oman baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, waliikuta mila hiyo hiyo huku ikiwasubiri. Dhofar ndiko unakotoka ubani bora duniani, na mwaka 2000 UNESCO iliiingiza ardhi hiyo ya ubani katika orodha yake ya urithi wa dunia. Kwa hiyo anayetaka kuzungumza juu ya moshi huu mbele ya watu wa Maskati inampasa apime maneno yake.

Hata hivyo kuna suala ambalo tunaona halifai kuendelea kunyamaziwa. Kwa miaka mingi sasa wanasayansi wamekuwa wakiuliza: mama mjamzito anapovuta hewa yenye chembe ndogo mno, je, chembe hizo huishia katika mapafu yake, au zinamfikia na yule mgeni ambaye bado hajawasili? Na zikimfikia, humfanya nini? Majibu yaliyokwisha kupatikana yanazihusu nyumba zetu moja kwa moja, hapa Maskati, kule nyumbani, na London na Toronto ambako bukhuri ndiyo dawa ya kuondosha unyonge wa ugeni.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Chukua milimita moja uigawe mara milioni moja. Kila kipande kitakachopatikana ni nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Chembe zinazoitwa za nano ni zile ambazo hazizidi nanomita 100, maana yake ni kuwa unaweza kuzipanga 800 katika upana wa unywele mmoja. Baadhi yake hutengenezwa makusudi viwandani, kama vile titani dioksaidi inayotiwa katika rangi za nyumba na katika mafuta ya kujikinga na jua. Nyingine huzaliwa na moto tu, bila ya mtu kuzikusudia: moshi wa dizeli, wa mkaa, wa sigara, wa mafuta ya kukaangia na wa udi. Pua haiulizi chembe imetoka kiwandani au chetezoni.

Vumbi la kawaida, hata hili la jangwani linalotutia chafya, sehemu yake kubwa hunaswa na malaika ya pua na makamasi. Lililo dogo zaidi huteremka hadi mapafuni. Lakini hizi za nano hufika mpaka kwenye vile vifuko vidogo kabisa ambako hewa hukutana na damu, na baadhi yake huvuka na kuingia katika damu yenyewe. Kwa mjamzito, damu hiyo ndiyo inayokwenda kwenye kondo la nyuma.

Kwa muda mrefu kondo lilifikiriwa kama kifumbu cha kuchujia tui. Tui linapita, chicha inabaki. Chakula na hewa vitampitia mtoto, taka zitabaki upande wa mama. Tatizo ni kuwa kifumbu kinazuia chicha lakini hakizuii unga laini, na kila mpishi analijua hilo.

Mwaka 2018, katika mkutano wa madaktari wa mapafu uliofanyika Paris, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London walieleza jinsi walivyochunguza makondo ya wanawake watano wasiovuta sigara waliojifungua kwa upasuaji. Katika seli 3,500 walizozitazama, 60 zilikuwa na madoa meusi yaliyofanana na masizi. Wapo waliosema wanawake watano ni wachache. Mwaka uliofuata, Septemba 2019, jarida la Nature Communications likachapisha kazi ya Chuo Kikuu cha Hasselt cha Ubelgiji. Safari hii makondo yalikuwa 28, na kila moja lilikutwa na chembe za kaboni nyeusi, tena upande wa mtoto. Mama walioishi kwenye hewa safi kidogo walikuwa na wastani wa chembe 9,500 hivi katika kila milimita moja ya ujazo. Walioishi karibu na moshi mwingi wa magari walikuwa nazo kiasi cha 20,900. Kadiri hewa ilivyochafuka ndivyo kondo lilivyobeba zaidi.

Likabaki swali moja: zikifika upande wa mtoto, zinaingia mwilini mwake? Jibu likatoka Oktoba 2022 katika jarida la Lancet Planetary Health, kutoka kwa watafiti hao hao wa Hasselt wakishirikiana na wenzao wa Aberdeen, Scotland. Chembe za kaboni zilionekana katika damu ya kitovu ya watoto wote 60 wa Ubelgiji waliochunguzwa. Na katika mimba za Scotland zilizokuwa zimesitishwa baina ya wiki ya 7 na ya 20, zilionekana katika ini, katika mapafu na katika ubongo. Mama zao hawakuwa wavutaji wa sigara. Wiki ya saba, msomaji, ni wakati ambao wanawake wengi bado hawajamwambia hata mavyaa kuwa wana mimba.

Kufika ni jambo moja, kudhuru ni jingine, na hapa inatupasa twende polepole kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi wa madhara ya chembe za nano zenyewe unatokana na panya. Mwaka 2010 watafiti wa Denmark wakiongozwa na Karin Sørig Hougaard waliwavutisha panya wenye mimba vumbi la titani dioksaidi, saa moja kila siku. Watoto waliozaliwa walipokua na kuwekwa katika uwanja wazi, walionekana kukwepa katikati yake na kushika kingo, alama ambayo wataalamu wa panya huitafsiri kuwa ni wasiwasi. Kujifunza kwao hakukuathirika. Mwaka 2011 Wajapani waliandika katika Nature Nanotechnology kuwa chembe za silika za nanomita 70 zilifika hadi kwa vijusi vya panya na kuwafanya wawe wadogo, ilhali silika hiyo hiyo ikiwa na ukubwa wa nanomita 300 au 1,000 haikufanya hivyo. Ukubwa wa chembe ndio uliokuwa sumu. Lakini hao walichomwa sindano, hawakuvuta kwa pua, na tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2013 kundi la Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, lilirudi kwenye njia ya pua na kukuta kuwa watoto wa panya waliovuta titani wakati wa mimba walikuwa na mishipa midogo ya damu isiyotanuka kama inavyopasa.

Mtu atauliza, mishipa ya panya inamhusu nini mtoto wa Seeb? Wale wa West Virginia walikuwa na Mwingereza mmoja kichwani, David Barker. Mwaka 1989 Barker na wenzake walifukua madaftari ya zamani ya wakunga wa Hertfordshire, wakawafuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa baina ya 1911 na 1930, na wakakuta kuwa waliozaliwa na uzito mdogo ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo wakiwa watu wazima. Tangu hapo haiwezekani tena kusema mtoto kazaliwa salama basi yaliyopita yamepita. Tumbo la mama linaweka hesabu, na hesabu hiyo huja kusomwa baada ya miaka hamsini. Hivyo ndivyo madaktari wa leo wanavyolitazama suala la hewa ya mjamzito, na ndio maana gramu chache tu huwashughulisha.

Toronto, ambako Waswahili wamejaa siku hizi, watafiti walipitia rekodi za watoto zaidi ya 160,000 waliozaliwa baina ya 2006 na 2012. Watoto ambao mama zao walivuta zaidi chembe hizi ndogo kabisa za moshi wa mjini, hasa katika miezi mitatu ya katikati ya ujauzito, walipata pumu zaidi kidogo kuliko wenzao. Tunasema kidogo kwa sababu ni asilimia tano tu. Katika mji wa mamilioni, asilimia tano ni madarasa mazima ya skuli.

UDI WENYEWE

Mpaka hapa tumezungumzia magari na panya. Je, udi?

Waliotangulia kulichunguza hili ni watu wa Taiwan, ambako ubani huchomwa majumbani kila siku mbele ya picha za wazee waliofariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwaangalia watoto 15,310 waliozaliwa miezi ikiwa imetimia. Katika nyumba zilizochoma ubani kila siku, watoto wa kiume walizaliwa na upungufu wa wastani wa gramu 18, na vichwa vya wavulana na wasichana vilikuwa vidogo kwa kiasi kisichofika milimita moja. Uzito wa wasichana haukubadilika. Gramu 18 ni tende mbili. Hakuna mama atakayeziona mkononi, na hakuna mtoto aliyekufa kwa kupungukiwa tende mbili. Ila huo ni wastani: wapo ambao hawakupungua kitu na wapo waliopungua zaidi, na aliyekwisha kuwa mdogo kwa sababu nyingine, kama upungufu wa damu wa mama au kisukari, hana tende mbili za kutoa sadaka.

Bukhuri yetu si vijiti vyao vya Taiwan. Sisi tunaweka juu ya makaa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichoma aina mbili za bukhuri za Umoja wa Falme za Kiarabu kwa saa tatu ndani ya chumba maalumu kilichofananishwa na sebule, wakaweka humo seli za mapafu ya binadamu. Walipata chembe nyingi, kaboni monoksaidi, salfa dioksaidi na fomaldihaidi, na seli zile zilivimba kwa namna iliyofanana na ya seli zilizowekwa kwenye moshi wa sigara. Kaboni monoksaidi nyingi ilitoka kwenye makaa. Gesi hii haina rangi wala harufu, hupokonya nafasi ya oksijeni katika damu, na damu ya mtoto aliye tumboni huing'ang'ania kuliko ya mama.

Na hapa Oman? Mwaka 2009 madaktari wa hapa walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi 2,441 katika mikoa miwili ya nchi. Asilimia 15.4 walikuwa na pumu. Miongoni mwa wenye pumu, asilimia 38 walisema bukhuri huwazidishia, ikawa kichocheo cha nne baada ya vumbi, hali ya hewa na mafua. Katika nyumba zilizochoma zaidi ya mara mbili kwa wiki, watoto walisumbuliwa na pumzi mara tatu zaidi kuliko katika nyumba zisizochoma. Lakini, na hili watu wa haraka hulisahau, uchunguzi huo haukuona kuwa bukhuri ndiyo inayoleta pumu. Ilimsumbua aliye nayo, haikumpa asiye nayo. Waliochunguzwa walikuwa watoto wa skuli. Miezi tisa ya mama zao haikuwemo katika hesabu. Kwa hiyo anayekuja kukwambia kuwa madaktari wa Oman wamethibitisha udi unaharibu mimba, mwambie alete karatasi.

CHETEZO NI KILE KILE, NYUMBA IMEBADILIKA

Kuna jambo ambalo hatulioni likisemwa na tunaona ndilo kubwa kuliko aina ya udi. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa zipumue. Zina ua wa ndani, dari ndefu, madirisha ya mbao yenye vipenyo, na upepo wa kusi unaingia huku na kutokea kule. Chetezo kikiwashwa, moshi una pa kwenda, na jirani naye hupata sehemu yake. Maskati joto linapita nyuzi 40 na nyumba hufungwa kuanzia Aprili mpaka Oktoba. Madirisha ni ya vioo, milango imezibwa chini ili baridi isitoke, na kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinachukua ile ile ya chumbani, kinaipoza na kuirudisha. Tumechukua mila ya nyumba ya wazi tukaiingiza ndani ya chupa. Moshi ambao Shangani ungedumu robo saa, Al Khuwair unalala na watu mpaka asubuhi, na tunasifu kuwa harufu imekaa.

Ongeza na makaa yenyewe. Vile vidonge vya makaa vinavyouzwa katika kila duka la Muttrah, vinavyoshika kwa kiberiti kimoja na kurusha cheche, vimetiwa dawa ya kuvifanya viwake upesi. Anayeviwasha humvutia uso, tena akivipuliza. Na anayeviwasha katika nyumba nyingi ni dada wa kazi aliyetoka Tanga, Mombasa au Kampala, ambaye naye ni mwanamke mwenye umri wa kuzaa, na hatujawahi kusikia mtu akimuuliza yeye anajisikiaje.

HUKO KWETU NI MKAA

Tungekuwa wanafiki kama tungeishia kwenye udi, kwani moshi mkubwa uko jikoni. Dar es Salaam watafiti waliwavisha wanawake wajawazito 239 vipimo vya hewa. Wastani wa chembe ndogo ulikuwa mikrogramu 40.5 kwa kila mita ya ujazo, wakati kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni 15 kwa siku moja na 5 kwa wastani wa mwaka. Matokeo yao, yaliyotolewa 2017, yalionesha kuwa mikrogramu 23 zaidi zilikwenda sambamba na upungufu wa gramu 150 hivi katika uzito wa mtoto, ingawa hesabu zenyewe ziliachia nafasi kuwa upungufu wa kweli ni mdogo zaidi.

Basi toa mkaa, lete gesi, yamekwisha? Laiti. Utafiti mkubwa uliofanywa Guatemala, India, Peru na Rwanda uliwapa nusu ya wajawazito 3,200 majiko ya gesi na gesi ya bure. Chembe walizovuta zilikuwa mikrogramu 24, na za upande wa kuni mikrogramu 70.7. Watoto walizaliwa na wastani wa gramu 2,921, na wa upande wa kuni gramu 2,898. Tofauti hiyo haikutosha kuitwa tofauti, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2022 yaliwavunja moyo wengi. Sisi tunaona kuna la kuzingatia: wanawake hao waliandikishwa mimba ikiwa na wiki 15 hivi kwa wastani, na tumekwisha kuona Aberdeen kuwa chembe zinaweza kuwemo tangu wiki ya saba. Pengine kinachotakiwa ni jiko safi kabla ya mimba na baada yake, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi ikagawiwa mbele ya kamera. Mtungi wa kwanza ni rahisi kupiga nao picha. Wa pili, wa kuujaza kwa fedha yako, haupigwi picha.

NANI ATAMWAMBIA BIBI?

Turudi Maskati. Mke wa mtoto ana mimba ya miezi miwili, anaishi kwa wakwe, na moshi unamtia kichefuchefu. Hawezi kusema. Akisema ataambiwa anaringa, au ana jini lisilotaka ubani, na neno hilo likishatoka halirudi. Mavyaa naye hana ubaya. Anafukiza kwa ajili ya huyo huyo mjukuu, kumkinga na husda. Kwa maoni yetu mwenye kubeba maneno haya ni mume. Ni mama yake, yeye ndiye anayejua aingilie mlango gani. Na aende na la kumpa mkononi, asiende na la kumnyang'anya tu.

La kumpa lipo. Mrashi wenye marashi ya waridi ya Jabal Akhdar hautoi moshi. Kikuba cha asumini chini ya mto hakitoi moshi. Nguo zinaweza kufukizwa juu ya kichanja chake uwani au barazani, zikaingizwa ndani zikishapoa, na harufu ikabaki bila ya masizi. Siku ya wageni, mjamzito atoke chumbani kabla ya chetezo kuingia, madirisha yafunguliwe hata kama ni Julai, na arudi baada ya nusu saa. Chetezo cha umeme kinaondosha makaa na ile kaboni monoksaidi yake, na hilo si dogo, lakini udi unaoungua juu yake bado ni udi unaoungua. Zile siku arubaini baada ya uzazi, nguo za mtoto zifukizwe yeye akiwa chumba kingine, kwani mapafu yake ni mapya.

Wale watafiti wa Hasselt hawajafunga madaftari yao. Mama na watoto wamekuwa wakiandikishwa katika uchunguzi wao tangu 2010, makondo yamehifadhiwa kwenye barafu, na watoto huitwa tena kupimwa mishipa ya macho, shinikizo la damu na uwezo wa kuzingatia. Wa kwanza wao wameshafika umri wa sekondari.